Kamba yenye mafundo matatu

Siku mbili kabla hatujasafiri kwenda Mombasa kwenye maonyesho ya harusi, dada yangu alitoa uzi wa katani kabatini akaniita mlangoni. Yeye alishika ncha kwenye mwimo mmoja, mimi nikauvuta hadi mwimo wa pili, akapiga fundo. Kisha tukaingia tekani. Asiyezijua nyumba za mawe za Amu, yaani Lamu, nimweleze: ukitoka daka, ile baraza ya mlangoni, hufiki kiwandani, yaani uani, moja kwa moja. Unapita tekani kwanza, na tekani inakata kona, ili apitaye njiani asiwaone waliomo ndani hata mlango ukiwa wazi. Kona hiyo imewasitiri mama zetu miaka mingi, lakini kitu kirefu kigumu hakipindi hapo. Tulijaribu na ufito hadi tukapata urefu unaopita bila kukwaruza chokaa, dada akapiga fundo la pili. La tatu lilikuwa upana wa msana, mahali ambapo biharusi angekalishwa. Misana yetu ni mirefu na myembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki zaidi ya kama mita tatu. Chumba hufuata mti.

"Mukifika huko," dada aliniambia akiukunja uzi, "mtu akikuonyesha kitu, mpe kamba kwanda."

Yeye magoti hayamruhusu tena safari ya siku nzima: mashua ya alfajiri hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, na kila kizuizi watu wanashuka kukaguliwa. Akanituma mimi na mwanawe, biharusi mwenyewe, ambaye ni mwanangu pia. Huniita Mamdogo tangu ajue kusema.

Ilikuwa mwanzo wa Rajabu, na nikahi ilikuwa imewekwa Mfunguo Mosi, wiki ya pili baada ya Idi. Kwa asiyekaa pwani miezi mitatu na ushei ni muda mrefu. Sisi tunajua kwamba Shaaban harusi hufuatana kila usiku, kila mtu akitaka kumaliza kabla ya mfungo, wapishi na wapambaji hawana nafasi ya kukusikiliza. Ramadhani harusi hakuna. Na mafundi wa cherehani, ikifika nusu ya Shaaban, hawapokei tena kitambaa kwa sababu ya nguo za Idi. Ukiondoa yote hayo unabaki na wiki tano. Ndiyo maana nilikubali haraka wazo la maonyesho. Mwanangu alilisikia kwa wenzake wa chuo, na wazee wengine hawakulipenda. Walisema harusi ya Amu hainunuliwi ukumbini Mombasa.

Bwana harusi ni kijana wa Malindi, mtaa wa Shella. Amu nako tuna Shela yetu, kijiji cha mchangani upande wa kusini, na shela ndilo vazi la biharusi. Wazee wa pande zote mbili waliichukua kama fali njema. Kwa mila yetu mume ndiye huingia nyumba ya mke na kukaa fungate yake ya siku saba hapo. Kwa hiyo nyumba ndiyo ingetazamwa na wakwe, kila pembe yake, na dada alitaka jukwaa likae ndani ya nyumba, wala si kwenye uwanja wa kukodi.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi wa hoteli moja upande wa Nyali, kiingilio shilingi 500. Mlangoni walitaka majina, namba za simu na tarehe ya harusi ili tuingizwe kwenye bahati nasibu ya keki. Mwanangu alishashika kalamu nikamgusa mkono. Tuliandika tarehe, namba tukaiacha, kwani mwenye namba yako na tarehe ya harusi yako atakupigia hadi usiku wa hina.

Ndani kulikuwa na meza kama 40, na harufu ya udi iliyochanganyika na sukari. Wapambaji, waokaji keki, wapishi wenye vijisahani vya kuonja biriani, wapiga picha, wakodishaji wa mahema na viti, wapaka vipodozi, wapaka hina, washereheshaji, hata benki yenye mkopo wa harusi. Alasiri wasichana walipita kwenye zulia wakiwa na magauni meupe marefu, na muuzaji mmoja akamwambia mwanangu kwamba biharusi ni lazima avae nyeupe, ndiyo desturi. Mwanangu alinitazama. Nilimwambia baadaye, tukiwa tumekaa, kwamba hata huko Uingereza nyeupe ilishika hasa baada ya Malkia Victoria kuivaa siku alipoolewa na Albert mwaka 1840. Kabla yake mtu alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi yoyote. Na sisi tuna kisutu, leso yetu ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, inayofunika maharusi pwani hii toka enzi za bibi zetu. Avae nyeupe akipenda, lakini aivae kwa kupenda.

Niseme wazi lililonifurahisha. Kwa siku moja unazungumza na watu ambao ungewatafuta mwezi mzima, na unawauliza ana kwa ana. Niliwauliza wapishi wanne swali moja: kwa wageni 300, sufuria ngapi, kuni au gesi, na nani anaosha? Wawili walijibu papo hapo, mmoja hata akanitajia sufuria yake moja iliyotoboka na anayoiacha nyumbani siku hizi. Wawili walinipa karatasi yenye picha. Sikuhitaji kuonja biriani yao.

Kulikuwa pia na keki ya ghorofa saba, nyeupe, yenye maua ya sukari. Mwanangu aliigusa ubavuni kwa kidole, ikalia kama boksi tupu. Mwokaji, mama wa makamo mwenye mikono ya kazi, hakukasirika. Alieleza kwamba keki za maonyesho ni povu gumu lililopakwa sukari, kwa maana keki ya kweli haiwezi kukaa siku mbili chini ya taa zile. Kisha akauliza yetu italiwa wapi. Aliposikia mashua, joto na mikokoteni, alitikisa kichwa: cream ya siagi haitafika Amu imesimama. Akatushauri keki ndogo iliyookwa huko huko, na fedha zilizobaki tununulie halua. Alijinyima kazi kwa kutuambia kweli, na mpaka leo jina lake nalitaja kwa kila anayeolewa Mombasa.

Kamba ilianza kazi kwenye meza za wapambaji. Wa kwanza alikuwa na jukwaa la futi 20, fremu yake imechomelewa kipande kimoja. Nilimtandazia uzi mezani. Aliutazama, akasema, "Tutapata njia tu, mama." Wa pili aliuliza kama gari litafika mlangoni. Nikamweleza kwamba ndani ya mji wa Amu mzigo hauendi kwa gari: unashuka mashuani gatini, unapanda mkokoteni kwenye njia ya ufukweni, halafu ni mabega ya watu au punda hadi mlangoni. Alitaja bei mara mbili ya ile iliyoandikwa. Angalau alifanya hesabu.

Kwenye meza ya tatu tulikalishwa na kupewa albamu. Mwanangu alikuwa akifungua kurasa na kusifu maua, kisha akanyamaza, kidole juu ya picha. Alimjua yule biharusi. Walisoma pamoja. Alikuwa amekaa kitini usiku wake wa kupamba, kichwa wazi, nywele zimesukwa asmini, shingo na kifua vimejaa dhahabu, macho ameinamisha kama ipasavyo. Usiku wa kupamba ni usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa mlangoni kwa sababu hiyo, na biharusi hukubali kutazamwa kwa sababu anajua nani anamtazama. Sasa yuko mezani, ukumbini, wanaume wanapita na sahani za biriani wakimfungua kama ukurasa wa magazeti.

Nilimuuliza kijana wa meza kama yule binti aliridhia. Alisema, "Picha ni kazi yetu, mama." Mwanangu aliifunga albamu taratibu akaweka mkono juu yake, akauacha hapo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya uso wa mtu ni data yake. Kumpiga picha siku ya harusi hakumpi mpiga picha ruhusa ya kutangazia biashara yake uso huo. Ridhaa hiyo inaombwa yenyewe. Nilimwambia yule kijana hivyo, kwa adabu, naye akaitoa albamu mezani. Sijui aliiweka tena tulipoondoka. Usiku ule mwanangu alimpigia rafiki yake, wakazungumza muda mrefu chumbani mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa amelia.

Baada ya hapo tulitaka kuondoka. Tulibaki kwa ajili ya meza moja karibu na mlango, ya mama mpambaji mwenye miwani. Niliukunjua uzi bila matumaini. Aliushika, akaupitisha vidoleni, akasimama kwenye fundo la kati.

"Hili ni la nini?"

Katika wote, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Nilipomweleza tekani alichuchumaa nyuma ya jukwaa lake, akafungua skrubu kwa mkono, akaniletea bomba la aluminiamu: futi nne. Jukwaa lote lilikuwa vipande vya futi nne vilivyoungwa, na pazia ndilo lililoficha maungio. Aliliweka bomba juu ya uzi. Likaishia kabla ya fundo, limebakiza upana wa vidole vitatu. Kisha nikafungua albamu yake, moyo juu juu. Viti. Viti vitupu ukurasa hadi ukurasa, vimepambwa kwa mawaridi, kwa mikeka ya rangi, kwa vikuba vya mrehani vilivyoning'inizwa, na hakuna hata uso mmoja.

"Nyuso za watu si zangu," alisema, akaendelea kufunga skrubu.

Hata hivyo hatukumlipa siku ile. Alitoa punguzo kama wenzake kwa atakayeacha rubuni siku hiyo, na mwanangu alinivuta buibui. Lakini mimi na dada tulikuwa tumeapizana: hakuna shilingi itakayotoka maonyeshoni. Mtu utamjua akiwa kazini, mbele ya taa nzuri na zulia kila mtu ni fundi.

Sasa nifike kwenye lililotuumiza. Nilipokuwa kwa wapishi, mwanangu alipita meza moja ya hina iliyokuwa ikichora bure. Walimchorea ua mkononi, juu ya kifundo, jeusi tititi, na dakika 20 baadaye likawa tayari. Alinionyesha kwa furaha. Niliiona rangi nikashtuka, lakini ilikuwa imeshakauka. Tuliosha kwa sabuni choo cha hoteli. Siku ya tatu, tukiwa tumesharudi Amu, mkono ulianza kuwasha, kisha likainuka lengelenge lenye umbo la ua lile lile, jani kwa jani. Alilala ameuinua mkono juu ya mto. Daktari alimpa dawa ya kupaka na kumwambia jambo ambalo nataka kila mama alisikie: asipake tena rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote, kwa kuwa mwili umeshaikataa na safari ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi.

Hina haina rangi nyeusi. Jani la mhina likisagwa hutoa rangi ya machungwa, nayo huiva taratibu kwa siku mbili hadi ikawa hudhurungi au nyekundu ya damu ya mzee. Kinachokuwa cheusi papo hapo ni piko, na kazi kubwa ndani yake ni kemikali ya rangi za nywele iitwayo PPD. Ulaya sheria inairuhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2, na ngozi ya mwili hairuhusiwi. Huku kwetu inachanganywa kwenye kibakuli bila kipimo na kupakwa watoto siku ya Idi. Wengi hawapati kitu, na ndiyo maana tunaendelea. Lakini anayepata hupata malengelenge, na kovu linaweza kubaki. Namshukuru Mungu kwamba ilikuwa Rajabu. Ingekuwa usiku wa hina wenyewe, biharusi wetu angekalishwa kitini na mikono iliyofungwa bandeji.

Dada alimpeleka kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani aliyempaka hata yeye dada alipoolewa. Bibi aliutazama mkono karibu na dirisha, akaugeuza, akasema hatagusa ngozi hiyo mpaka ipoe kabisa. Wiki mbili kabla ya harusi akaja, akapaka tone moja kwenye kisigino, akaondoka. Kesho yake akarudi kulitazama. Majani aliyakausha mwenyewe kivulini, akayatwanga, akayachunga kwa kitambaa cha hariri mara tatu, akayakanda kwa ndimu na sukari kidogo na kuyalaza usiku. Sukari, alisema, huifanya hina ishike mwili isidondoke. Siku ya kupaka haikubanduliwa kwa maji. Ilikwanguliwa kwa nyuma ya kisu na mkono ukapanguswa mafuta. Ilikuwa kama ganda la chungwa, wageni wengine wakasikitika. "Ngojani," alisema bibi.

Lakini nimerukia mbele. Shaaban ilipoingia, dada alisema maonyesho ya pili yako hapa hapa, na hayana kiingilio. Tulialikwa kupamba tatu katika wiki mbili, Langoni mara mbili na Mkomani mara moja, na tulikwenda zote tukiwa na daftari. Mwanamke wa Amu amekuwa akifanya hivi tangu zamani bila kuliita jina. Anakaa mkekani, anapokea sambusa, visheti na juisi ya ukwaju, udi unazungushwa, na huku anatazama. Nani amepamba? Maua yamenyauka saa ngapi? Umeme ulipozimika, jenereta iliwaka baada ya dakika ngapi? Pilau ya wageni wa mwisho ilikuwa na nyama au mchuzi tu? Kwenye kupamba ya Mkomani umeme ulikatika kweli, na mpambaji akabaki ameshika simu gizani akitafuta namba ya mwenye jenereta, biharusi peke yake kitini. Watu wakaanza kuimba ili kumfariji. Sitalisahau hilo. Na kwenye kupamba ya pili ya Langoni tulimkuta mama yule mwenye miwani, kazini, amekuja na jenereta yake mwenyewe mashuani, dogo, lililofungwa gunia ili lisitie mafuta sakafuni. Dada alimtazama usiku mzima. Asubuhi alimwita nyumbani, akamkalisha, akamletea kahawa na mkate wa mofa, na wakaandikiana.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Theluthi ya fedha kwa rubuni, theluthi vipande vikifika gatini, theluthi baada ya kupamba. Kila malipo na risiti yake. Kifungu kimoja kilihusu njia: mwisho wa mwaka 2023 mvua zilipofurisha Mto Tana, barabara ya Garsen kuja kwetu ilikatika na watu wakawa wanavushwa kwa boti, kwa hiyo tuliandika nani atabeba hasara njia ikifunga. Kifungu kingine kilihusu picha, na hicho mwanangu alikiandika kwa mkono wake: hakuna picha ya biharusi wala mgeni itakayopigwa na mpambaji au wasaidizi wake. Mpiga picha alikuwa wa Malindi, mwanamke, anayesafisha picha zake mwenyewe bila kumpa mtu mwingine, na akatukabidhi kadi ya kumbukumbu siku ile ile. Huyo tulimjua kwenye maonyesho, meza ndogo kabisa pembeni. Mtu asiniambie kwamba hatukupata kitu Nyali.

Mwanangu alikwenda Nairobi pia na wenzake kwenye maonyesho makubwa zaidi. Alirudi na mfuko wa karatasi na picha ya kifurushi cha fungate kilichokuwa kikiuzwa huko: mashua ya tanga, punda, ufuo wa Shela. Walitaka kumuuzia kwao. Aliniambia kwamba katika meza zote alizopita hakuna iliyotaja cheti cha ndoa, ilhali Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, ya Kiislamu ikiwemo. Hilo tulilimaliza kwa kadhi kwa dakika chache.

Siku ya kupamba vipande vilifika alasiri maji yakiwa yamejaa, kwa sababu mama mpambaji alipiga simu wiki moja kabla kuuliza jedwali la maji, ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na hakutaka kushusha mabomba kwenye tope. Vijana wawili walivibeba hadi mlangoni. Dada alisimama tekani na uzi wake mkononi, akikihesabu kila kipande kikikata kona. Cha mwisho kilipopita aliuzungusha uzi mkononi akaenda jikoni, bila kusema kitu.

Hina ilikuwa imeiva. Wale waliosikitika juzi walimshika mwanangu mikono wakaigeuza chini ya taa, nyekundu iliyokolea hadi nchani mwa vidole, na juu ya kifundo, pale palipokuwa na ua jeusi, bibi alikuwa amechora mrehani mdogo kufuata kovu. Simu zilikuwa zimeachwa mlangoni kwenye pakacha. Wanawake walipiga vigelegele hadi punda wa jirani akalia. Aliinamisha macho. Mara moja tu aliyainua, akanitafuta.

Wageni waliondoka saa nane za usiku. Saa kumi kasoro mama mwenye miwani alikuwa bado anafungua skrubu, mashua inamngoja, maji yanakaribia kuanza kupwa. Alikuwa amebakisha kiti na pazia la nyuma. Alimgeukia dada, ambaye alikuwa akikunja mikeka.

"Bi mkubwa, naomba ruhusa. Nipige picha ya kiti."

"Kitupu?"

"Kitupu."

Dada alikwenda hadi kitini, akaokota pini ya nywele na uzi wa asmini uliokuwa umedondoka kwenye mto, akavifunga kwenye ncha ya leso yake. Kisha akasogea kando.

"Haya, piga."